Kadi Tano za Njano

Semaphore, Adelaide
6 Machi 2016

Kwako dada yangu Noreen,

Salamu nyingi zikufikie huko Devonport, na zikukute goti lako limetulia na yule paka hajaficha tena kifaa chako cha kusikia. Mimi mzima. Daktari ananikataza chumvi, namwambia nimesikia, tunaagana kwa furaha, kisha narudi nyumbani kula viazi vyangu kama kawaida. Nisalimie Janine na mumewe na wale vijana wao wenye miguu mirefu. Picha za bustani zimefika. Mwambie Janine waridi zimenipendeza, ila huyo mzee aliyevaa kaptura katikati ya waridi simjui, na kama ni mchumba wako nategemea kuelezwa.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu, dada, nusu ya maneno huyasikii na nusu iliyobaki unaijibu kabla sijaisema. Barua huwezi kuikatiza. Naomba uisome ukiwa umekaa, na uisome yote, hata kama katikati utatamani kuitia motoni. Ndani kuna bahasha ndogo ya kahawia, usiifungue mpaka nikuambie. Najua umeshaifungua. Basi irudishe ulivyoikuta.

Habari kubwa utakuwa umeshaisikia. Lindsay Crabtree amefariki, wiki tatu zilizopita, kwake Glenelg, akiwa na miaka themanini na mmoja. Binti yake alinipigia asubuhi akaniambia baba amelala hakuamka. Nilikaa jikoni na chai ikapoa. Halafu nikamkumbuka siku ile alipomuuliza waziri wa reli kama anajua saa ya treni inayofuata, na waziri akatazama saa yake kweli, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Mazishi yalikuwa ya familia, lakini Jumamosi iliyofuata kulikuwa na kumbukumbu kwenye klabu ya mchezo wa matufe. Laiti ungekuwepo. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama nje kwenye majani. Walitundika kwenye kiango cha nguo mbele ya watu ile suti aliyoivaa Lindsay akiigiza Bevan Pugh kwenye televisheni, suti ya kahawia yenye suruali inayoishia juu ya soksi, na chini yake wakaweka mfuko wa plastiki wenye mkate wake wa mayai, vipande viwili vilivyobana mayai ya kuchemsha. Mkate mpya, wa siku hiyo hiyo. Mwishoni mtu aliula, na mimi nadhani ni padri.

Vijana wa leo hawaelewi, Noreen. Mjukuu wa Lindsay aliniuliza kwa adabu sana kwamba babu yake alikuwa anachekesha wapi hasa, maana yeye ameitazama ile mikanda na anachoona ni mtu mzima anayetia aibu watu wazima wenzake. Nikamwambia hapo hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa panachekesha. Nikamweleza kwamba wale wageni mashuhuri hawakuwa wanaambiwa kuwa Bevan ni mchekeshaji. Wanatua kutoka London au Amerika, wamechoka, wanaambiwa kuna mwandishi wa televisheni ya hapa, na anayetokea ni Bevan na viatu vyake vinavyolia, anawapa mkono wenye siagi, kisha anasoma swali kutoka kwenye kadi polepole kama mtoto wa darasa la pili. Akishamaliza kusoma, ananyamaza. Hapo ndipo mtu anaanza kutokwa na jasho.

Nikawakumbuka baba na mama. Unakumbuka Jumatatu zetu za kumtazama Bevan, baba akiwa bado hai? Baba alikuwa anatoa meno yake ya bandia mapema na kuyaweka juu ya televisheni, anasema safari hii hataki yamruke. Mama hakuweza kutazama. Bevan akianza tu kunyamaza, mama anajifunika uso kwa aproni, anakimbilia jikoni, na kutoka huko anapiga kelele kwamba jamani mwambieni yule kijana aende kwao, ana mama yake yule! Baada ya muda anauliza kupitia mlangoni kama ameshamaliza. Baba anamjibu kwamba bado, sasa hivi anamlisha mtu mkate. Ilikuwa siku ile ya bingwa wa tenisi, walipotafuna mkate wa mayai wawili hao dakika nne nzima bila neno, na bingwa mwishowe akasema asante, mama yangu pia hutia haradali. Baba alilia machozi.

Pale klabuni kila mtu alisimama na lake. Mpiga picha mmoja mzee alisimulia jinsi bwana mkubwa mmoja wa Uingereza alivyoulizwa na Bevan kama cheo chake kinaweza kufuliwa nyumbani au ni lazima kipelekwe kwa dobi. Lakini wote, Noreen, kila aliyeshika kipaza sauti, walimalizia pale pale unapopajua. Walimalizia kwa Marguerite Lorne na skonzi.

Wakauonyesha mkanda wenyewe ukutani. Nimeuona labda mara mia mbili. Uwanja wa ndege, Ijumaa ya Oktoba 1975. Yule mama wa sinema amevaa manyoya kwenye joto lile, miwani myeusi, waume watano wameshapita na wa sita anasubiri kwenye gari. Bevan anatoa kadi ya njano kwenye mfuko wa mkate, anaisoma. "Siagi uliyotumia ilikuwa baridi, au uliiacha ikalainika?"

Marguerite anamwangalia msaidizi wake. Msaidizi anaangalia dari. Bevan anasubiri. Kadi ya pili. "Ulikanda kwa mikono yako mwenyewe, au kuna mtu alikusaidia?" Mama wa watu anasema samahani, sijaelewa. Bevan anairudia vile vile, neno kwa neno, maana Bevan hakuwa mtu wa kubadilisha kilichoandikwa. Kadi ya tatu inauliza dakika ngapi ndani ya oveni. Ya nne inauliza kwa nini hazikupanda zote sawasawa. Ukumbi mzima wa klabu ulikuwa umeinamia magoti kwa kucheka.

Halafu ya tano. "Ukipewa nafasi ya kuanza upya, ungebadilisha nini?" Hapo yule mama anavua miwani. Anakaa. Anasema bibi yake alikuwa akioka skonzi kwenye jiko la kuni huko Nebraska, na yeye aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na saba akisema atarudi Krismasi. Hakurudi. Anasema angerudi Krismasi. Bevan hajui la kufanya, kadi zimekwisha, basi anampa mkate wake wa mayai, na Marguerite Lorne anaula wote huku analia. Hakuna aliyecheka tena pale klabuni, ila mtu mmoja alipiga chafya.

Unajua jinsi kipande kile kilivyobadilisha maisha yangu. Ijumaa ile niliamka nikiwa mpiga chapa wa kadi za Bevan, na Jumatatu iliyofuata nikawa mwandishi wake, kwa miaka tisa. Wewe mwenyewe umewasimulia watu hadi wamechoka. Ulikuwa unasema mdogo wangu Glenys aliyachukua maswali yetu ya skonzi za Tantooka akampa Bevan, ili Australia nzima ijue tunavyooka. Ulinishukuru, Noreen. Mwaka ule ulinitumia jamu ya aprikoti, chupa sita, na barua ya kuniambia kwamba katika mwaka mbaya kuliko yote, mimi peke yangu ndiye niliyekufanya ucheke.

Sasa binti wa Lindsay anatengeneza kipindi cha kumbukumbu, kitarushwa Jumapili ya tarehe ishirini. Wamenihoji na mimi, nikiwa nimekaa sebuleni na taa kali usoni. Kijana mwenye ndevu akaniuliza wazo la skonzi nililipata wapi. Miaka yote nimekuwa na jibu zuri la kumpa mtu anayeuliza hivyo. Safari hii nilifungua mdomo, nikaiona akilini ile suti kwenye kiango, na likatoka jibu la kweli. Kamera ilikuwa inazunguka. Sikutaka ulisikie kwanza kutoka kwa kijana mwenye ndevu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Lakini turudi kwanza Tantooka, kwenye Maonyesho ya wilaya, Jumamosi ile, siku moja baada ya uwanja wa ndege. Najua hupendi. Vumilia.

Ulikuwa umeshinda shindano la skonzi miaka minne mfululizo. Ukishinda wa tano, jina lako lingepakwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa ukumbi na kukaa hapo hata sote tufe. Mwamuzi alikuwa Enid Hosking, rafiki yako tangu darasa la kwanza, aliyekufunga kamba za gauni la harusi, aliyekaa kwenye ubao wa simu pale posta na kuunganisha simu za mji mzima. Na sheria ya mama Whitford wa kamati wewe unaijua kuliko mimi. Tangu mwaka ule mwamuzi mmoja alipombeba mkwe wake kwa maswali mepesi, maswali ya fainali huandikwa mbali, hutiwa kwenye bahasha, hufungwa kwa gundi, na mwamuzi hayaoni mpaka amesimama mbele ya sahani. Anayasoma yote kama yalivyo. Haruki, haongezi, hatabasamu, haelezi. Akivunja sheria, mshindani ametoka mashindanoni.

Basi Enid akafungua bahasha mbele ya kamati, mbele ya bwana Schirmer mwenyekiti wa wilaya, mbele ya akina mama sitini na kofia zao. Akasoma kadi ya kwanza, kwa ile sauti yake ya posta. "Watu wanataka kujua mume wako wa sasa yuko wapi leo."

Ulikuwa umewaambia wote kwamba Keith amekwenda kaskazini kukata manyoya ya kondoo. Hata mimi uliniambia hivyo, na nikaamini. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyejua kwamba Keith ameondoka na mwanamke wa Port Augusta na kwamba harudi, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yako na kadi mkononi. Enid alisita. Watu wanasema alikuwa mweupe kama unga. Lakini akiacha kusoma, wewe umetoka, na jina lako halipakwi kwenye ubao. Akaendelea. Kadi ya pili, kadi ya tatu. Ya nne iliuliza waume wako wanakukimbia kwa sababu gani, ni sura, ni hasira, au ni mapishi.

Hapo sahani ikaruka. Ulikuwa umemlenga Enid, lakini umri wako wote hujawahi kulenga kitu ukakipata, na skonzi kumi na mbili na jamu na krimu zikatua kifuani kwa bwana Schirmer, aliyekuja kukata utepe tu, maskini.

Tangu siku hiyo humtaji Enid. Ulikuwa unavuka barabara ukimwona. Ulihama kanisa kwa ajili yake, ukawa Mlutheri, wewe usiyeweza kutamka jina la mchungaji wao. Kila mahali umesema Enid Hosking alichukua siri uliyompa ukilia na kuisoma mbele ya wilaya nzima ili asikupe ushindi. Mama alipokufa, Enid alisimama nje ya ua na shada lake, na wewe ukatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimekushika mkono.

Dada, Enid hakuyaandika maswali yale. Hakuna mtu wa kamati aliyeyaandika. Yaliandikwa na wachekeshaji wawili wa Adelaide kwa ajili ya Marguerite Lorne na waume zake. Na aliyeyapeleka Tantooka ni mimi.

Kamati ilikuwa imeniomba nipige chapa maswali ya skonzi kwa vile nilikuwa na mashine ofisini. Ijumaa ile, saa ya chakula, nikayapiga kwenye kadi za njano za kazini, tano, na kando yake kadi tano za Bevan, za njano vile vile. Nikazitia kwenye bahasha mbili za kahawia. Nikalamba gundi ya zote mbili kwanza, ndipo nikakumbuka kwamba sijaandika kitu juu. Nikazipima mkononi kama mtu anayechagua tikiti sokoni, nikaandika. Moja ikaenda uwanja wa ndege. Nyingine nikampa dereva wa basi la saa nane la kwenda Tantooka. Na unajua desturi ya Lindsay. Alikuwa hazitazami kadi mpaka amesimama mbele ya mgeni, anasema Bevan lazima ashangae pamoja na watu. Kati ya watu wote wa jimbo hili, bahasha zangu zikaangukia mikononi mwa wawili ambao wangesoma chochote kilichoandikwa mpaka mwisho.

Hilo ni kosa, na kosa ungelisamehe. Ninalotaka kukuambia ni lililofuata.

Saa kumi na moja jioni Lindsay alirudi ofisini anang'aa. Alinibusu paji la uso mbele ya wote, akasema huyu binti ana kipaji, nani alijua. Mkuu wa vipindi akatoka chumbani kwake kunipa mkono, mtu ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiniita Gladys. Wakanisimulia maswali ya siagi na oveni, nikaelewa pale pale. Nilijua kadi za Marguerite ziko kwenye basi. Nilijua zitasomwa kesho saa nne asubuhi. Nilikuwa na saa kumi na saba, Noreen, na simu juu ya meza yangu. Sikuhitaji hata kutafuta namba. Ningeinua tu na kuomba Tantooka, na ambaye angeitikia ni Enid mwenyewe, kwenye ubao wake.

Sikuinua. Sehemu moja nilikuwa naogopa kwamba nikisema ni kosa, busu litarudishwa na nitakuwa Gladys tena, na baba alikuwa hajatimiza mwaka kaburini na mama anautegemea mshahara wangu. Hiyo ndiyo sehemu nzuri ya hadithi, na kwa miaka mingi nimejisimulia hiyo peke yake. Sehemu nyingine ni kwamba niliwaza kadi zile zikisomwa mbele ya zile kofia sitini, nikakuona wewe umesimama na sahani yako umekunja midomo, dada yangu ambaye kila kitu chake hupanda sawasawa, nikaona ni kichekesho kizuri sana. Nilicheka, Noreen. Nilicheka hadi nikakaa chini. Sikujua habari za Keith, naapa kwa kaburi la mama. Lakini nilijua ungeaibika, na nilitaka uaibike kidogo.

Nilipojua habari za Keith, ulikuwa umeshamchukia Enid, na chupa sita za jamu zilikuwa zimeshafika. Nilizila zote.

Alhamisi iliyopita nilipanda gari nikaenda Tantooka. Enid ana miaka themanini na minne, nyonga imevunjika mara mbili, na tarehe mbili Aprili anahamia kwenye nyumba ya wazee Port Augusta. Nyumba imeshauzwa, karibu vitu vyote vimebandikwa karatasi ya jina la mnunuzi, hata kiti nilichokalia. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtu kwenye simu, bila kugusa chai yake. Nilipomaliza akaniambia, "Mtoto wewe, umechukua miaka arobaini kuendesha gari kilomita mia tatu. Ulikuwa na pancha?"

Alijua, dada. Alijua tangu Jumatatu ile ile. Aliwasha televisheni akamsikia Bevan anauliza siagi ilikuwa baridi au imelainika, na mtu aliyeamua skonzi miaka kumi na tisa hawezi kukosea swali hilo limetoka wapi. Zaidi ya hapo alikuwa na kadi zenyewe, na mashine yangu ilikuwa na ile herufi moja iliyokuwa ikiruka juu ya mstari, ambayo kamati nzima ilinicheka kwa ajili yake. Nikamuuliza, sasa kwa nini hukumwambia Noreen? Ungemwonyesha kadi tu, mambo yangekwisha. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha.

Akasema, "Baba yake kafa. Keith kamkimbia. Nimwambie tena na mdogo wake ndiye? Angebaki na nani? Mimi nilikuwa rafiki tu, Glenys. Dada alikuwa naye mmoja."

Nililia pale kwa sauti ya aibu. Enid akanisogezea kitambaa cha meza, kisha akakivuta kidogo, akasema nisikichafue sana kwa sababu kimeshanunuliwa na mke wa mwenye duka la nyundo na misumari.

Binti wa Lindsay aliniuliza mwisho wa mahojiano lile swali la tano, kwa utani tu, kwamba ukipewa nafasi ya kuanza upya ungebadilisha nini. Nilidhani ningekuwa na jibu refu. Ningeinua simu. Hilo tu.

Basi sasa fungua ile bahasha ndogo. Hizo ndizo kadi tano, Enid alizihifadhi kwenye bati la chai na zinanuka chai mpaka leo. Mbele utayaona yale maswali, yasome mara moja ya mwisho kisha yaache. Halafu geuza kadi ya tano. Hayo maandishi ya penseli ni ya Enid, ya siku ile ile. Anasema wewe ulipotoka na bwana Schirmer alipokuwa anapanguswa krimu, skonzi moja ilibiringika mpaka chini ya meza yake. Sheria ya mama Whitford inasema mwamuzi lazima aonje. Akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi, akaila yote huku analia, kisha akaandika alama kama ilivyompasa. Amenihakikishia kwamba angeandika hivyo hivyo hata kama bahasha ingekuwa ile sahihi, na anataka ulijue hilo kabla hajahama.

Anasema pia kwamba kama una la kupinga, ulisemee mbele yake, kwa maana oveni yake haijanunuliwa na mtu bado. Nimekukatia tiketi ya ndege ya tarehe ishirini na tano, iko nyuma ya kadi. Nitakuja kukupokea, na usiponitaka nitakupeleka Tantooka bila kusema neno, nitakaa garini. Samahani yangu naiomba hapa kwa maandishi, na sitegemei unijibu sasa. Enid ametangulia kwenye foleni kwa miaka arobaini, mimi nitangoja zamu yangu nyuma yake.

Nibusie Janine, uwakumbatie vijana kwa niaba yangu, na yule mzee wa kaptura mwambie hujambo. Nakutakia afya na usingizi mzuri, kama utaupata leo.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa na mwenye kukupenda,
Glenys

Najua macho yako, na penseli imefifia, kwa hiyo nakunakilia alivyoandika: "Ladha tisa. Umbo tisa. Chini mbichi. Noreen wa pili."